Ndege za mbio kwa adui wa pikipiki?

Hebu tuulizane, vijana. Al-Shabaab wana ndege ngapi za kivita? Hakuna hata moja. Sasa mbona Kenya bado inategemea F-5, ndege iliyoundwa Marekani kupambana na ndege nyingine angani?

Tulipozipokea za kwanza mwaka 1978 zilikuwa na maana. Uganda alikuwepo Idi Amin, Somalia alikuwepo Siad Barre, na wote wawili walikuwa na ndege za MiG za Kisovieti. Lakini karibu miaka 30 baadaye tukaenda Jordan kununua 15 zaidi, tena zilizokwisha tumika. Kwa adui yupi?

Adui wa leo anakuja kwa pikipiki au kwa miguu, anatega bomu barabarani Lamu au Mandera, kisha anapotelea msituni. Kumpata kunataka ndege ya polepole yenye kamera nzuri, inayoweza kuzunguka juu kwa saa nyingi mpaka ijue huyu ni nani. F-5 hupita kama radi, na mafuta yakipungua inarudi kambini.

Na ukipiga bila kuona vizuri, anayekufa si lazima awe adui. Oktoba 2011, wiki mbili baada ya jeshi letu kuingia Somalia, kambi ya wakimbizi wa ndani ilipigwa mabomu kutoka angani huko Jilib. Madaktari Wasio na Mipaka walisema watu 5 walikufa na 45 wakajeruhiwa, wengi wao watoto. Jeshi lilisema lililenga Al-Shabaab.

Januari 2017 serikali ya Marekani iliidhinisha tuuziwe Air Tractor 12 zenye silaha. Wengi walicheka: ndege ya kunyunyizia dawa mashambani! Kumbe kwa kazi hii ndiyo iliyofaa zaidi. Kilichotia shaka ni bei, hadi dola milioni 418 pamoja na ndege 2 za mafunzo, silaha na huduma. Na aliyepiga kelele kwanza ni mbunge wa Marekani, Ted Budd, akidai kampuni ya jimboni kwake ingeuza ndege kama hizo kwa bei nafuu. Alikuwa akitetea watu wake, sawa. Wabunge wetu je, walikuwa wakitetea nani? Mpango huo ukakwama.

Zikitafutwa nyingine, Bunge liulize hadharani kabla pesa hazijatoka: itakaa hewani saa ngapi, usiku itaona nini, na ikiua raia, nani atajibu?