Twasajili barazani, kijijini hatuna daftari



Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo kila dirisha la usajili likifunguliwa hutushughulisha hapa Unguja kuliko hata bei ya mchele.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi huko shamba, Mkoa wa Kaskazini. Jumamosi nikiteremka mjini kwa shughuli zangu hupitia Jaws Corner au baraza za Darajani kunywa kahawa, na mazungumzo ninayoyakuta ni yale yale. Simba wanahitaji beki wa kushoto. Yanga wamepwaya namba sita. Huyu Mkongo aachwe, aletwe yule wa Burkina Faso. Wapo wazee ambao miaka 10 hawajavuka bahari kwenda Dar es Salaam, lakini watakutajia nani mkataba wake umebaki miezi sita na nani goti limeanza kumsumbua. Sisemi kwa ubaya. Ile ni elimu kubwa, na kama wanafunzi wangu wangelijua jedwali la kuzidisha namna wanavyovijua vikosi vile, mimi ningelipumzika.

Linalonisikitisha ni kwamba katika mijadala hiyo kijana wa hapa hatajwi mpaka awe ameshachukuliwa. Pengo tunalolililia barazani mara nyingi limezibwa na mtoto wa visiwa hivi. Ngome ya Yanga iliongozwa miaka mingi na Nadir Haroub "Cannavaro". Feisal Salum alicheza JKU, akaichezea Zanzibar Heroes iliyofika fainali ya CECAFA kule Machakos Disemba 2017 na kufungwa na Kenya kwa penalti, na mwaka 2018 akawa mchezaji wa Yanga. Ibrahim Abdallah "Bacca" alitoka KMKM Januari 2022, na mwaka uliofuata yeye na Mudathir Yahya walikuwamo katika kikosi kilichofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hao wote walilelewa na mtu. Nani leo barazani anaweza kunitajia timu ya kwanza ya Bacca, ya alipokuwa na miaka 13?

Tarehe 13 Januari 2024 Mlandege, timu ya mtaani isiyo na kikosi cha ulinzi nyuma yake kama walivyo KMKM, JKU, Mafunzo au Zimamoto, iliifunga Simba bao 1-0 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi pale Amaan. Lilikuwa kombe lao la pili mfululizo. Siku ya pili yake niliwakuta wenzangu wa baraza wamenuna kama waliofiwa, Waunguja watupu, wakijadili mshambuliaji gani Simba imnunue ili aibu ile isirudi. Hata mmoja hakuuliza Mlandege inahitaji nini.

Sasa nitoke nje kidogo. Wapenzi wa michezo watamkumbuka kijana wetu Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili katika mpira wa kikapu wa Marekani mwaka 2009 na timu ya Memphis. Wenzetu kule vijana wapya hawagombaniwi kwa fedha. Hupangwa zamu ya kuchagua, na zamu za mwanzo hutengewa timu zilizofanya vibaya msimu uliopita. Katika kandanda yao ile ya kubeba mpira mikononi, utaratibu huo wanao tangu 1936, na wapenzi wao hukesha wakibishana kama sisi: timu yetu ina pengo wapi, tumchukue nani. Nikawa najiuliza: ingekuwa kwetu timu ya mkiani ndiyo inayochagua mwanzo, Feisal angelikwenda wapi? Lakini siombi utaratibu huo uletwe, maana nao unamnyima kijana nafasi ya kujichagulia mwajiri. Ninachokitamani ni kimoja tu. Siku kijana anapochaguliwa, kila mtu anajua amesoma wapi, amecheza miaka mingapi na amefundishwa na nani. Imeandikwa.

Kwetu haikuandikwa, na hapo ndipo tunapoliwa.

FIFA wanayo kanuni kwamba mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyengine kabla mkataba wake haujamalizika, asilimia 5 ya fedha hizo hugaiwa klabu zote zilizomlea toka alipokuwa na miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una nusu. Tufanye hesabu ya darasa la sita. Mtoto amecheza Juvenile kijijini misimu minne, toka 12 mpaka 15. Hiyo ni asilimia moja. Akiuzwa nje kwa shilingi milioni 400, kijiji kina haki ya shilingi milioni 4. Kwa timu inayocheza kwa mpira mmoja ulioshonwa mara tatu, milioni nne ni mali. Tangu Novemba 2022 FIFA wamefungua hata ofisi maalumu ya kuzigawa fedha hizo. Lakini ofisi hiyo inafuata kumbukumbu za usajili. Klabu isiyosajiliwa, isiyo na karatasi, haipati kitu hata kama kijiji kizima kinashuhudia.

Na sisi tuna uzito wa ziada. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na uanachama wa CAF tulioupata Machi 2017 ulifutwa Julai ya mwaka ule ule. Kwa hiyo njia iliyopo ni kupitia TFF. Tena kijana wetu kwa kawaida haendi nje moja kwa moja. Kwanza huvuka kwenda Bara, na pale ndipo klabu yake ingepaswa kuandika katika barua ya kumruhusu kwamba akiuzwa tena, sehemu fulani irudi. Wangapi wanaandika? Viongozi wetu wa timu za shamba wengi hufurahi wakipewa jezi seti moja na kupiga picha.

Hasara si ya fedha tu. Miaka minne iliyopita kijana niliyemfundisha hesabu alichukuliwa na klabu moja ya Bara, jina silitaji. Baba yake ni mvuvi. Alitia saini karatasi zilizoandikwa kwa Kiingereza, nakala hakupewa, na hakuna aliyemsomea. Kijana alicheza msimu mmoja, akaumia goti, akarudi kwa boti na begi lake. Klabu ikasema mkataba umekwisha. Baba mtu akaja kwangu kuniuliza, "Maalim, mkataba ulikuwa wa muda gani?" Nilikuwa sina la kumjibu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na karatasi. Yule kijana ana miaka 22 sasa. Jioni hukaa chini ya mwembe kutazama wenzake wakifanya mazoezi.

Hata mwenye jina kubwa mkataba humbana. Feisal alipotaka kuondoka Yanga Disemba 2022 alirejesha fedha akidhani amemaliza, na TFF ikaamua yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Mambo hayakwisha mpaka Juni 2023, alipokwenda Azam, na kabla ya hapo Rais Samia mwenyewe alikuwa ameshawaomba Yanga walimalize. Mtoto wa mvuvi Rais hatamsikia.

Kwa hiyo naiomba ZFF iagize kila timu ya Junior, Juvenile na Central iwe na daftari la wachezaji, lenye tarehe ya kuzaliwa na misimu, na nakala ipelekwe wilayani kila mwaka. Mkataba wa kijana wa Unguja au Pemba usitiwe saini mpaka usomwe kwa Kiswahili mbele ya mzazi, na nakala abaki nayo. Mawakili wa mjini wanaokunywa kahawa pamoja nasi na kubishana juu ya namba sita ya Yanga, wangelitoa Jumamosi moja kwa mwezi kusoma karatasi hizo, tungeliwashukuru sana. Na sisi walimu tusiseme kazi hii si yetu. Hakuna watu nchi hii waliozoea kuita majina na kutia alama kama sisi.

Timu ya watoto ya kijiji chetu daftari lake nimelifungua mwezi uliopita. Yamo majina 23. Wanne hawana vyeti vya kuzaliwa, na majina yao nimeshayapeleka kwa sheha.

Mwalimu wa skuli ya msingi,
Kaskazini Unguja.