TAHARIRI: Rangi za Nguo Zetu Zitenganishwe Hapa Hapa

Mwanamke wa Unguja au Pemba afunguapo doti mpya ya kanga, kwanza hutazama pindo, kisha mji, na mwisho husoma jina. Akiona nyekundu imevuka mpaka wake na kuingia katika nyeusi, au herufi za jina zina kivuli, huirudisha nguo kwa mwenye duka bila ya mjadala. Mwenzake wa Mbalizi au Mafinga hufanya vivyo hivyo kwa kitenge. Akina mama hawa ni wakaguzi hodari wa kazi ambayo bado hatujaipa heshima inayostahili, nayo ni kazi ya kutenganisha rangi.

Nguo ya maua haipigwi chapa kwa mkupuo mmoja. Kila rangi huwa na skrini yake ya wavu au rola yake. Kwa hiyo fundi huanza kwa kulichambua pambo, akachora sehemu za kila rangi peke yake juu ya filamu angavu. Filamu hiyo hulazwa juu ya wavu uliopakwa dawa. Penye mwanga dawa hukauka na kuziba. Palipofunikwa na mchoro huoshwa kwa maji, na hapo ndipo rangi itakapopita. Fundi lazima aachie rangi mbili zipandane kidogo mipakani, la sivyo weupe wa kitambaa utachungulia. Aidha, pambo la kitenge sharti ligawanyike sawasawa katika mzunguko wa rola. Rola ya sentimita 64 hukubali pambo la sentimita 32 au 16, bali la 30 litakatika. Kosa la filamu moja huharibu maelfu ya mita.

Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kwa kompyuta. Lakini kompyuta haijui kuwa kanga bila ya jina ni leso tu. Jambo hilo analijua mwenye mila.

Nasi twauliza: nani azishikaye filamu hizo? Azishikaye ndiye awezaye kuirudia nguo atakapo. Kanga nyingi zinazovaliwa nchini huchapwa India. Methali zetu huondoka bure, zikarejea kwetu kwa bei.

Haikuwa hivyo ndiyo nia ya Azimio la Arusha la 1967. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na baadaye viwanda vya umma vya nguo vikaenea hadi Mbeya, kilipokuwapo Mbeyatex. Vingi vilidhoofika, vikafungwa au kubinafsishwa. Tusijifiche: tulihesabu mashine na majengo, tukasahau kuhesabu mafundi wa michoro.

Nyanda za Juu Kusini zina uwezo wa kurekebisha kosa hilo. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Iringa ina karakana ya Neema, iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 2003 kwa vijana watatu viziwi, na ambayo imethibitisha kuwa ufundi wa mikono waweza kumtunza mtu kwa heshima. Reli ya TAZARA na barabara kuu zaziunganisha nyanda hizo na bandari, na bandari na Visiwa. Kuanza kwa chumba cha michoro, meza za mwanga na skrini za mkono hakuhitaji fedha za kujengea kiwanda.

Twawaomba viongozi wa Serikali zote mbili walitazame jambo hili. Vyuo vya ufundi vifundishe kutenganisha rangi kama somo kamili. Wachoraji wa Visiwani, wanaojua lugha ya kanga, wakutanishwe na mafundi wa Mbeya na Iringa. Na kila ofisi inayoagiza kanga au vitenge vya sherehe kwa fedha za umma idai filamu zake zitengenezwe nchini na zihifadhiwe nchini.

Chelewa chelewa, wahenga walisema, utamkuta mwana si wako.