Nyumba Usiyolala Ndani

Mwaka 2016 UNESCO iliziingiza kazi 17 za Le Corbusier, zilizomo katika nchi saba, katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Sifa zikamiminika upya: huyu ndiye aliyemtoa binadamu katika nyumba za giza, huyu ndiye mshairi wa zege. Wengi wanaomsifu hivyo wamezijua nyumba zake kwa picha; wachache wamepata kulala humo usiku wa mvua. Na wahenga walikwisha kusema: nyumba usiyolala ndani huijui ila yake.

Charles-Édouard Jeanneret, aliyezaliwa Uswisi mwaka 1887 na kujipa jina la Le Corbusier mwaka 1920, hakuwa mbabaishaji. Aliwaona watu wa Paris wakisongamana katika vyumba visivyo na jua wala hewa, akataka kuwaokoa. Nyumba aliifananisha na mashine: iinuliwe juu ya nguzo, dirisha lipite ukutani kutoka pembe hadi pembe, paa liwe bapa na juu yake pawe na bustani. Nia hiyo haina wa kuilaumu. Lawama inaanza pale mchoro wa msanifu unapopewa haki kubwa kuliko maisha ya mkaaji.

Itazamwe Villa Savoye, iliyokamilika mwaka 1931 huko Poissy, nje ya Paris. Ni nadra kukuta kitabu cha usanifu wa kisasa kisichokuwa na picha yake. Lakini Bibi Eugénie Savoye, aliyejengewa nyumba hiyo pamoja na mumewe, alimwandikia msanifu barua juu ya barua: mvua inaingia ukumbini, inalowesha njia ya kupandia ghorofani, ukuta wa gereji umerowa. Mwaka 1937 alimtaka aifanye nyumba iweze kukalika. Mwaka 1940 familia ikaihama. Picha haivuji, nyumba ilivuja.

Mfano wa Pessac, karibu na Bordeaux, ni mzito zaidi, kwa kuwa huko waliohusika ni wafanyakazi. Henry Frugès, tajiri wa sukari, aliagiza kitongoji kizima, na nyumba zipatazo 50 zikajengwa kati ya mwaka 1924 na 1926. Wakaaji walipoingia, walifanya wafanyavyo watu majumbani mwao. Juu ya mapaa bapa waliweka mapaa ya mteremko ili maji yapite. Madirisha mapana waliyapunguza. Sehemu zilizoachwa wazi waliziziba wakapata nafasi ya ziada. Philippe Boudon aliyachunguza mabadiliko hayo na kuchapisha utafiti wake mwaka 1969. Wako wataalamu walioyaita uharibifu. Inasimuliwa kwamba Le Corbusier mwenyewe alikiri kuwa katika mgogoro wa aina hiyo maisha ndiyo yenye haki, na msanifu ndiye mkosaji. Ajabu ni kwamba wanafunzi wamekuwa wakali kuliko mwalimu.

Wapenzi wa ushairi wangepaswa kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine. Neno ubeti asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba. Shairi likishatoka mikononi mwa mtungaji, huingia kinywani mwa mwingine, naye hulighani kwa sauti yake na mahadhi yake. Vina na mizani husimama kama kuta. Anayeishi ndani ni mghani. Mtungaji akimkataza kubadili hata pumzi, shairi hubaki karatasini. Vivyo hivyo nyumba isiyoruhusu mkono wa mkaaji ni jumba la makumbusho, hata kama ina vitanda.

Zaidi ya hayo, watetezi hawa hawana mizani moja. Huko Roquebrune-Cap-Martin, kwenye pwani ya Mediterania, Eileen Gray alijenga nyumba iitwayo E-1027, iliyokamilika mwaka 1929. Mnamo mwaka 1938 na 1939 Le Corbusier alizichora kuta zake michoro mikubwa bila ya idhini ya Gray, naye Gray aliuona ukiukaji. Leo michoro hiyo inahifadhiwa kama hazina. Mfanyakazi akipunguza dirisha lake mwenyewe ameharibu. Bwana mkubwa akipaka rangi kuta za kazi ya mwenziwe amezipamba. Hii si hoja ya sanaa. Ni hoja ya jina.

Hatua chache kutoka hapo, mwaka 1952, Le Corbusier alijijengea kibanda cha mbao, mita 3.66 kwa 3.66. Kibanda hicho hakikuinuliwa juu ya nguzo, hakina dirisha la kutoka pembe hadi pembe, wala hakina bustani juu. Paa lake ni la mteremko. Jiko halimo, kwani mkahawa ulikuwa ubavuni. Humo alipumzikia nyakati za kiangazi mpaka alipofariki akiogelea chini yake, tarehe 27 Agosti 1965. Zamu ya kuwa mkaaji ilipomfikia yeye, alijenga kile kilichomfaa. Wafanyakazi wa Pessac hawakudai zaidi ya hilo.