Tenisi, mapacha na chupa ya damu

1.
Wiki iliyopita tuliongea kifafa cha mimba, leo naingia kwenye michezo. Najua mtasema "nesi, tenisi inatuhusu nini sisi watu wa mwisho wa reli?" Nivumilieni. Tunaanzia Uingereza, tunamalizia Kibirizi.

2.
Mwezi Agosti 2025 simu zetu zilijaa picha za binti mmoja wa miaka 18, Victoria Mboko, Mkanada. Alichukua ubingwa wa Canadian Open kule Montreal kwa kumfunga Naomi Osaka kwenye fainali, baada ya kuwatoa Coco Gauff na Elena Rybakina. Alianza mashindano akiwa wa 85 duniani, akatoka akiwa wa 24. Wazazi wake ni Wakongo. Watu wakaandika "damu yetu hiyo", na mimi nilifurahi kama ninyi. Sisi hapa ukisimama ufukweni siku hakuna ukungu, milima ya Kongo unaiona kwa macho. Wakongo si wageni kwetu: Nyarugusu iko Kasulu tangu 1996, na ukienda sokoni Ujiji utasikia Kiswahili cha Uvira kila hatua mbili.

3.
Ila nataka nikurudishe nyuma kidogo, Julai 2022. Fainali ya wasichana wawili wawili, Wimbledon, vijana. Upande mmoja Victoria huyu huyu, miaka 15, na Mkanada mwenzake Kayla Cross. Upande wa pili Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi na Angella Okutoyi wa Kenya. Angella na mwenzake walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakapata ya pili 6-4, halafu pointi za kuamua wakashinda 11-9. Hakuna Mkenya aliyewahi kuchukua taji la Grand Slam la vijana kabla yake.

Kwa hiyo kwenye uwanja ule kulikuwa na mabinti wawili wenye asili ya huku kwetu. Mmoja ametokea kwa wazazi walioondoka Kongo wakati wa machafuko, wakaenda kulea watoto wanne Amerika Kaskazini. Yeye ndiye kitinda mimba, na kaka na dada zake walishika raketi kabla yake. Alikuwa na baba, alikuwa na mama, alikuwa na nchi yenye viwanja na makocha.

4.
Mwingine alizaliwa Januari 2004, Nairobi. Pacha. Yeye na dada yake Roselida. Mama yao alifariki saa chache baada ya kuwazaa.

Isome tena hiyo sentensi. Magazeti huiandika kwenye aya ya pili, halafu wanakimbilia kwenye vikombe. Mimi kazi yangu ni wodi ya wazazi, siwezi kuikimbia.

5.
Mabinti wale walilelewa na bibi yao, mfanyakazi katika shule ya Loreto Convent Msongari. Mjomba wao, Allan Atema, ndiye aliyewaingiza kwenye tenisi. Angella akiwa bado mtoto akapelekwa kituo cha mafunzo cha shirikisho la tenisi la dunia. Wapi? Bujumbura. Ndiyo, ziwa hili hili letu, ukipanda boti kuelekea kaskazini. Baadaye akaenda Morocco, akaja kupata nafasi ya kusoma na kucheza Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Mwaka 2024 akachukua dhahabu ya mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika, Accra.

Hongera sana kwake. Lakini mimi jicho langu linabaki kwa yule bibi. Watu wanasema "bibi alilea wajukuu" kama vile ni jambo la kawaida. Yule bibi alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kumzaa. Siku hiyo hiyo ya kulia, mikononi ana vichanga wawili wanaotaka maziwa kila baada ya saa mbili. Hakupewa hata nafasi ya kukaa msibani vizuri.

6.
Sasa maoni yangu, na hapa mtanisamehe wale wa kutia moyo mitandaoni. Hadithi ya Angella msiigeuze kuwa "ukijitahidi utafika, hata ukizaliwa yatima". Inatia moyo, sawa. Ila inaficha hesabu. Kwa huyu mmoja kulikuwa na bibi mwenye mshahara, mjomba anayejua tenisi, shule jirani na kituo cha kimataifa kilichokuja kumchukua. Toa kimoja tu kati ya hivyo, leo tusingemjua.

Huku kwetu bibi anatoka na kichanga hospitali bila hela ya kopo la maziwa. Kopo moja halimalizi wiki, na bei yake ni dagaa wa siku nyingi. Anarudi kijijini, anaanza uji mapema kuliko inavyotakiwa, mtoto anaharisha, tunaonana tena wodi ya watoto. Mtoto huyo hatacheza fainali yoyote, na hakuna atakayeandika kwamba alikuwa na kipaji. Bibi zetu ni hazina, lakini bibi asiwe ndio mpango wetu wa afya ya uzazi.

7.
Kuna mwingine ataniambia "nesi, kufa ni mipango ya Mungu". Na mimi naswali, siku ya kila mtu ipo. Lakini angalia takwimu za nchi yetu. Utafiti wa 2015-16 ulionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulionyesha 104. Mungu ni yule yule. Kilichobadilika ni watu kufanya kazi: wakunga, damu, magari, vyumba vya upasuaji.

Mkoa wetu ni ushahidi. Ule mradi wa uzazi salama ulioanza nchini mwaka 2006 kwa fedha za Bloomberg Philanthropies, ambao baadaye wengi mliujua kwa jina la Thamini Uhai, uliweka vyumba vya upasuaji kwenye vituo vya afya vya vijijini Kigoma na kufundisha madaktari wasaidizi kufanya upasuaji wa dharura. Maana yake mama hakulazimika tena kusafirishwa mpaka mjini huku anatoka damu. Hiyo haikuwa miujiza. Ni kazi iliyopangwa, na ikiachwa inarudi nyuma.

8.
Mimba ya mapacha sasa, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Sijui hata moja kuhusu kilichompata mama yake Angella, na sitakisia. Nakwambia ninachokijua kazini: mfuko wa uzazi uliobeba watoto wawili umetanuka sana, na baada ya kujifungua unaweza kuchelewa kukaza. Usipokaza, damu inatoka kama bomba lililopasuka. Mama mwenye afya kabisa anaweza kupotea ndani ya saa mbili. Hapo sindano ya kukaza mfuko, mikono ya mkunga na chupa ya damu ndivyo vinavyoamua.

Kwa hiyo dada yangu, ukiambiwa ni mapacha:
- Usipange kujifungulia zahanati ya kijiji. Nenda penye chumba cha upasuaji na damu.
- Unakaa Kagunga, Mwamgongo, Buhingu au Kalya? Usisubiri uchungu uanze ndipo utafute boti. Ziwa likichafuka usiku halijali una mimba. Sogea mjini mapema, kaa kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito.
- Dharura ikitokea piga 115, ni bure, ule mfumo wa m-mama. Wanakutafutia usafiri.
- Ukishajifungua usikimbilie nyumbani. Kaa angalau saa 24. Pedi au khanga ikilowa haraka haraka, paza sauti. Usione aibu, usiseme "nitawasumbua manesi". Tusumbue.

9.
Na wewe shemeji unayesoma huku unasema haya ni ya wanawake. Nakuomba kitu kimoja. Mkeo akikaribia, njoo na ndugu wawili wenye afya mchangie damu. Damu haitengenezwi kiwandani. Ile iliyopo kwenye friji imetoka kwenye mkono wa mtu. Wanaume wa Kigoma mnavuta nyavu usiku kucha, chupa moja haiwezi kuwashinda. Unakunywa soda, unapumzika kidogo, unaenda.

Viongozi wetu nao, kila mwaka mnaahidi viwanja vya michezo. Tunavitaka, watoto wetu wa Mwanga na Gungu wanacheza kwenye vumbi. Ila mkija kuahidi, sisi wananchi tuulize swali la kwanza: friji ya damu ina chupa ngapi leo, na mashine ya usingizi inafanya kazi? Uwanja bila mama wa kumpeleka mtoto mazoezini utamsaidia nani?

10.
Victoria ana mama wa kumkumbatia akitoka uwanjani. Angella hana, na kombe lolote atakaloshinda halitabadilisha hilo. Wote wawili tuwashangilie. Lakini mtoto atakayezaliwa usiku wa leo Ujiji, mimi simwombei awe Angella. Namwombea akue mama yake akiwepo, hata kama hatashika raketi maisha yake yote.

Kesho nipo zamu ya usiku, maswali nitayajibu Jumamosi. Kama una ndugu mwenye mimba ya mapacha, mtumie namba 8 kabla hujalala.