Mhandisi wa nishati Nyanda za Juu Kusini hafundwi ubaoni pekee

Mikoa ya Mbeya na Iringa imejaliwa vyanzo vingi vya nishati. Mkoani Mbeya kuna jotoardhi ya Ngozi na Kiejo-Mbaka, miradi iliyo chini ya Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania (TGDC). Wilayani Mufindi, Iringa, mtambo wa maji wa Mwenga umekuwa ukizalisha megawati 4 tangu mwaka 2012, na mwaka 2020 ukaongezewa mitambo ya upepo ya megawati 2.4.

Swali ni nani ataitunza mitambo hiyo, mingi ikiwa mbali na mafundi. Hapo ndipo taaluma ya uvunaji wa nishati inapohitajika. Kwa lugha nyepesi, ni kukusanya nguvu inayopotea bure, kama vile mtetemo wa mashine au joto la bomba, na kuigeuza kuwa umeme. Kinachopatikana mara nyingi hupimwa kwa miliwati, kiasi kisichoweza kuwasha hata taa ya chumba. Hata hivyo, kinatosha kuendesha kitambuzi kinachopima joto la beringi za jenereta na kutuma taarifa mapema, bila mtu kupanda mlimani kubadilisha betri.

Somo hili halifundishiki kwa kunakili. Mwanafunzi akigonga kipande cha kauri ya pizoelektriki, mita humwonesha volti nyingi. Akiunganisha kifaa cha kutumia umeme huo, volti huporomoka. Akilazimika kutafuta sababu mwenyewe, ataielewa kanuni ambayo pengine aliikariri muhula mzima. Vifaa vyenyewe si vya gharama kubwa.

Serikali, kupitia Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET) wa Dola za Marekani milioni 425, mkopo wa Benki ya Dunia, inajenga maabara na kuhuisha mitaala katika vyuo vikuu vya umma. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), kilichoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1986, ni miongoni mwa wanufaika. Majengo huonekana siku ya uzinduzi. Kigumu zaidi ni mtihani: ukiendelea kudai kanuni tupu, mwanafunzi atakariri kanuni, na maabara mpya itabaki ya kuoneshwa wageni. Mhadhiri anayetoa alama kwa kipimo kilichokosewa kisha kikaelezwa vyema anahitaji muda, wasaidizi wa maabara na kanuni za tathmini zinazomruhusu kufanya hivyo.