Fela Hakufa Mwaka 1978

Nilikaa katika ukumbi wa Olivier, kwenye jumba la taifa la michezo ya kuigiza jijini London, majira ya baridi ya mwaka 2010, binti yangu akiwa kushoto kwangu, nikapiga makofi mpaka viganja vikaniuma. Mchezo ulikuwa ule uitwao Fela!, uliokwisha kuitikisa New York na kunyakua tuzo tatu za Tony. Sijapata kuona ngoma namna ile. Mchezaji mkuu aliimba, akapuliza saksafoni, akatutania, kisha akatuamrisha wazee wazima tusimame tuzungushe viuno, nasi tukatii kama watoto wa darasa la kwanza. Nayasema haya mwanzoni ili asije mtu akadhani kwamba mzee huyu anachukia muziki.

Hasira ilinianza nilipotoka nje, na haijanitoka hadi leo.

Mchezo unamweka Fela Anikulapo-Kuti katika klabu yake ya Shrine mjini Lagos, mwaka 1978. Askari wamekwisha kuivamia nyumba yake Februari 1977, wameichoma moto, wamemtupa mama yake kutoka dirishani, na mama amefariki. Roho ya mama inamjia mwana. Majeneza yanaletwa jukwaani. Basi, makofi, watu wanavaa makoti.

Lakini Fela hakufa mwaka 1978! Aliishi miaka mingine kumi na tisa. Alifungwa tena mwaka 1984, akatoka, akaendelea kuwaimba watawala, mwisho akakonda na kudhoofika, akafa tarehe 2 Agosti 1997. Kaka yake, Profesa Olikoye Ransome-Kuti, daktari aliyepata kuwa Waziri wa Afya wa Nigeria, akawaita waandishi wa habari akatangaza bila kumung'unya maneno kwamba mdogo wake amekufa kwa UKIMWI. Fela huyo huyo ndiye aliyekuwa akikana kwamba ugonjwa huo upo. Na ndiye aliyeoa wanawake ishirini na saba kwa siku moja, mwaka ule ule wa 1978 ambao mchezo umeuchagua. Jukwaani wanawake hao ni malkia, wanacheza, wanameremeta. Hakuna anayeulizwa yaliyomfika baadaye.

Nawajua watetezi wa mchezo watakavyosema. Watasema msanii ana haki ya kuchagua pa kuanzia na pa kuishia. Nakubali, nimefundisha fasihi miaka mingi na nimewaambia wanachuo maneno hayo hayo. Ila mkato nao ni kauli. Ukimwonyesha mtu siku za kiuno chake tu, ukaifunga hadithi kabla ya kitanda cha ugonjwa, umekwisha kusema jambo juu ya ugonjwa ule: kwamba ni aibu, usitajwe mbele ya wageni waliolipa kiingilio. Wangeweza kuukata popote pengine nisiseme kitu. Mwaka 2011 wakaupeleka mchezo huo Lagos kwenyewe, kwa watu waliomzika.

Kwa nini haya yanichome mimi, Mtanzania? Kwa sababu nami niliwahi kukata hadithi mahali pale pale.

Wagonjwa wa kwanza nchini mwetu waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Miaka ya tisini nilikuwa Mkuu wa Chuo cha Ualimu, na tulikuwa tukizika. Alipofariki mkufunzi wetu wa Hisabati, kijana hodari, ndugu zake walinijia usiku wakanisihi. Kesho yake nikasimama kando ya kaburi, na suti yangu na miwani yangu, nikasoma wasifu wa marehemu: homa ya muda mrefu. Chuo kizima kilikuwa kinaujua ukweli. Juma lililofuata mwanachuo mmoja akaniuliza darasani, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, ile ilikuwa homa gani?" Nikampa adhabu ya kufyeka nyasi siku tatu. Na wale tulikuwa tunawatayarisha kwenda kufundisha watoto wa nchi nzima.

Sasa mtazame Profesa Olikoye. Baba yao alikuwa mwalimu mkuu, rais wa kwanza wa chama cha walimu cha Nigeria. Mama yao, Funmilayo, aliwaongoza wanawake wa Abeokuta dhidi ya kodi hadi mfalme wao akakiacha kiti mwaka 1949. Watoto wa nyumba hiyo walilelewa kusema. Mmoja akasema kwa tarumbeta na saksafoni, akashangiliwa dunia nzima. Mwingine akasema kwa sentensi moja mbele ya waombolezaji, huku maiti ya mdogo wake haijazikwa. Niambieni ni kitendo kipi kilichohitaji moyo zaidi. Kaka daktari na mdogo asiyeamini udaktari: mwandishi gani wa michezo anaokota kitu kama hicho halafu anakiacha njiani?

Ndani ya treni binti yangu aliniuliza mbona nimenyamaza. Kisha, nadhani kwa kuwa tulikuwa tumezungumza habari za vifo, akamkumbuka mkufunzi yule. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka yetu, naye alikuwa akimpa maembe. Nilikuwa nimemwambia homa, miaka yote hiyo.

Nikamwambia.