Maji ya robine na hewa ya nyumbani



Wiki hii tuliuliza watoto wa mwaka wa tano: kati ya maji ya robine na hewa, kipi ni safi zaidi? Mmoja akajibu: "Hewa, mwalimu, kwa sababu hainuki. Maji ya robine yananuka dawa, mama anayamwaga, anatutuma ziwani." Jibu hilo tumelisikia pia katika kikundi chetu cha wamama. Basi tulitazame vizuri.

Maji ni haidrojeni na oksijeni zilizoungana kabisa, sehemu mbili kwa moja, mpaka zikawa kitu kingine. Katika maji ya robine mmeyeyuka pia chumvi kama za kalsiamu. Hizo ndizo zinaacha ukoko mweupe ndani ya birika. Tena mna klori kidogo sana, karibu nusu miligramu kwa litre, ya kuua mikrobe.

Hewa haikuungana hivyo, ni mchanganyiko tu. Katika sehemu 100 za hewa kavu, 78 ni azoti, 21 ni oksijeni, na 1 inayobaki karibu yote ni argoni. Litre moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Litre moja ya hewa ina karibu gramu 1 tu. Maji tunayaona, tunayafunika katika bidoni. Hewa hatuioni, nayo inaingia kila mahali pamoja na kile inachobeba.

Sasa tumjibu mtoto. Harufu ndogo ya klori inaonyesha kwamba mlinzi bado yumo ndani ya maji. Ikikusumbua, weka maji katika chombo safi, funika kwa kitambaa safi, uyaache kwa muda, itapungua. Maji ya ziwa hayanuki dawa, lakini yanaweza kubeba kipindupindu. Ukikosa mengine, yachemshe kwanza.

Na hewa je? Usiku wa baridi hapa Bukavu tunafunga mlango na dirisha, mbabula ikiwa ndani. Makala yanakula oksijeni, yanatoa monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na inatoka hata kama hakuna moshi. Katika damu inachukua nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, moyo unachafuka, miguu inalegea, usingizi unakuja. Wengine hawaamki tena.

Kwa hiyo, wamama, mbabula itoke nje kabla ya kulala, hata kama makala yanaonekana yamekwisha. Ukikuta watu wa nyumba moja wote wanaumwa kichwa, fungua mlango, watoe nje mara moja, kisha wapelekwe kituo cha afya.

Pua inatusaidia kwa chakula kilichooza. Kwa maji na hewa haitoshi. Tuwaeleze watoto jioni hii, kabla ya kufunga mlango.

Tuonane wiki ijayo.